Prosesa Kuingia si Kuwaka

Wadau, jirani yangu hapa Kianda aliniletea kompyuta yake ya mtumba, Pentium 4, akiwa tayari amenunua Core 2 Duo E8400. Muuzaji alimwambia, "Soketi ni ile ile, LGA775, itaingia." Kweli iliingia. Feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi.

Mimi naona swali la "itaingia?" ndilo linalotulia pesa. Soketi hiyo ilitoka 2004 ikabeba Pentium 4 hadi Core 2 Quad. Lakini mazabodi yake ina chipseti ya 915G, ambayo mawasiliano yake na prosesa yanaishia megahatsi 800. E8400, ya 2008, inataka 1333. Hapo hata BIOS mpya haisaidii.

Kabla ya kutoa shilingi, fungua kasha usome namba ya mazabodi, au tumia CPU-Z (ni ya bure). Kisha tafuta orodha ya prosesa ya mtengenezaji, pamoja na toleo la BIOS linalotakiwa. BIOS isasishwe prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, na tafadhali, si jioni ambayo stima inapotea-potea!

Pesa hazikurudi. Mwenye mazabodi ya G31 aangalie orodha kwanza, halafu tuongee bei.