Sanamu ya Mawingu

Wako watu waionao sanamu ya Kimakonde iitwayo mawingu, wakasema, "Hii si kitu, maana haina kichwa wala miguu." Mimi sikubali. Simameni asubuhi ukingoni mwa nyanda za juu hapo Newala, mtazame bonde la Ruvuma. Ukungu hupanda, hujipinda, hukatika. Je, ukungu una miguu? Nao huenda.

Fundi hutwaa gogo la mpingo, mti mzito uzamao majini. Huondoa sehemu nyeupe ya nje kwa tezo, kisha hutoboa na kuchonga mikunjo kwa patasi, hata mwanga upite katikati. Mtu akiizunguka, mikunjo hubadilika machoni pake, na kitu kilichotulia chaonekana kwenda. Kazi hii yapita kuchonga simba (na simba wamejaa madukani!).

Sanamu nyingi za namna hii huuzwa Dar es Salaam, wageni wakazichukua ng'ambo. Hiyo ni hasara yetu. Moja na isimamishwe Newala, na ya pili Masasi karibu na soko, watoto waizunguke bila kulipa. Lakini iwekwe chini ya paa, maana jua kali hupasua mpingo.