Davy Crockett: Sinema Ilituficha Kura Yake

Sisi tuliokulia Mombasa katika miaka ya sitini tulimjua Davy Crockett kabla ya kumjua rais yeyote wa Marekani. Tulimjua kwa sinema. Watu wakishatoka kwenye onyesho la alasiri, kila mtoto mtaani alikuwa na bunduki ya upongoo begani, na yule aliyebahatika kupata kipande cha ngozi ya mbuzi baada ya Idi ya kuchinja alikivaa kichwani akajiita Crockett. Waliobaki walilazimishwa kuwa askari wa Mexico, na kazi yao ilikuwa ni kufa. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, kwa hiyo nilikufa mara nyingi sana.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya ubishi uliozuka juzi barazani kwetu. Mzee mmoja ninayemheshimu alishikilia kwamba mbunge ni mtumwa wa waliomchagua, na akipiga kura wasiyoitaka, basi amewasaliti na wamfukuze. Nikamwuliza, "Na Crockett je, mzee wangu?" Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Yule wa kofia ya ngozi? Naye alikuwa mbunge?"

Naam, alikuwa mbunge, tena alichaguliwa mara tatu kuingia Bunge la Marekani. Rai yangu ni kwamba sinema ilitudhulumu kwa kutuonyesha bunduki yake mchana kutwa na kuipitia mbio kura yake. Bunduki wengi walikuwa nayo, lakini kura ile, katika wabunge wote wa jimbo lake, aliipiga peke yake.

David Crockett alizaliwa tarehe 17 Agosti 1786, mashariki ya nchi ambayo baadaye iliitwa jimbo la Tennessee. Hapo ndipo palipokuwa mpaka. Upande mmoja walikuwako walowezi wa Kizungu wakisogea mbele kila mwaka, na upande wa pili walikuwako wenyeji wa nchi, wale ambao sisi katika vitabu vyetu vya shule tuliwaita Wahindi Wekundu. Babu na bibi yake Crockett waliuawa na wenyeji hao mwaka 1777, na ami yake mmoja, aliyekuwa kiziwi na bubu, akachukuliwa mateka kwa miaka mingi. Msomaji na alihifadhi jambo hili, maana mtu aliyelelewa kwa hadithi za damu kama hizo alikuwa na kila sababu ya kuchukia.

Baba yake alikuwa na nyumba ya kulaza wasafiri, na madeni. Mtoto alipofika umri wa miaka kumi na miwili alikodishwa kwa mchunga ng'ombe mmoja, akatembea kwa miguu mpaka Virginia. Shule aliikimbia baada ya siku chache kwa sababu ya ugomvi na mwenzake, akatoroka nyumbani kwa zaidi ya miaka miwili. Aliporudi, alifanya kazi miezi sita kulipa deni la baba yake la dola 36, kisha miezi sita mingine kwa mzee mmoja wa madhehebu ya Quaker kulipa deni jingine la dola 40, ambalo baba mwenyewe hakumwomba alilipe. Kwa mtoto wa mzee huyo ndiko alikosoma, miezi sita tu, siku nne za juma darasani na siku mbili kazini. Hiyo ndiyo elimu yote aliyoipata mbunge huyu.

Vita vikaja mwaka 1813. Kundi la Wacreek waliokasirishwa na kumegwa kwa ardhi yao lilishambulia ngome iitwayo Fort Mims, likaua mamia ya watu, wanawake na watoto wakiwemo. Crockett, wakati huo baba wa watoto wadogo, alimwacha mkewe Polly akilia, akaenda kujiandikisha chini ya Jenerali Andrew Jackson. Tarehe 3 Novemba mwaka huo jeshi liliuzingira mji wa Wacreek ulioitwa Tallushatchee. Wapiganaji wapatao 186 waliuawa. Crockett mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1834, ameeleza kwamba wapiganaji 46 walikimbilia ndani ya nyumba moja, nayo ikatiwa moto pamoja nao. Kesho yake askari, njaa ikiwauma, walikuta viazi katika shimo la akiba chini ya nyumba ile, vimeiva kwa mafuta ya maiti walioungua juu yake. Wakavila.

Nimeisoma sehemu hiyo mara kadhaa. Hajisifu, wala hajitetei. Anasema njaa iliwalazimisha, na kwamba laiti angaliweza kuviacha angaliviacha. Katika sinema tuliyoiona sisi sikumbuki kuona viazi.

Baada ya vita Polly akafariki, naye akamwoa Elizabeth Patton, mjane mwenye watoto, ambaye mumewe alikufa katika vita hivyohivyo. Wakahamia magharibi. Akawa hakimu wa kijiji, akawa kanali wa askari wa wilaya, na mwaka 1821 akachaguliwa kuingia bunge la jimbo. Siasa zake za kampeni hazikuwa za kuigwa. Amesema mwenyewe alitembea na shati la uwindaji lenye mifuko miwili mikubwa, mmoja wa chupa ya pombe na wa pili wa tumbaku, ili mpiga kura asiondoke hivihivi. Tusijifanye tumeshangaa, mifuko ya namna hiyo hata sisi tunaijua.

Katika bunge hilo mwenzake mmoja alimdhihaki kwa kumwita bwana wa kutoka mateténi, maana yake mshamba. Crockett hakusahau. Siku chache baadaye aliokota njiani marinda ya kitambaa laini, ya aina ile waliyovaa waungwana kifuani, akayabana kwenye shati lake zito la kishamba, kisha akasimama kuzungumza mara tu yule bwana, ambaye naye alivaa marinda kama hayo, alipoketi. Bunge zima likavunjika mbavu, na bwana yule akatoka nje.

Lakini chini ya mzaha huo palikuwa na jambo zito, nalo ni ardhi. Magharibi ya Tennessee ilijaa masikini waliofyeka msitu, wakajenga vibanda na kulima bila ya hati. Kwa lugha yetu ya leo walikuwa maskwota. Kila mara alitokea tajiri mwenye karatasi kutoka mbali akawatoa. Crockett aliyajua hayo kwa mwili wake, maana mwenyewe alikuwa mtu wa kuhamahama. Alipoingia Bunge la Marekani mwaka 1827, kilio chake kilikuwa ni kimoja, kwamba waliofyeka wapewe hati ya mahali wanapokaa kwanza, kabla ya serikali ya jimbo kuuza ardhi hiyo. Mswada wake haukupita. Chama chake mwenyewe na wakubwa wa jimbo lake waliuzuia, na Jackson, kamanda wake wa zamani ambaye sasa alikuwa rais, hakumsaidia.

Basi ikafika mwaka 1830. Rais Jackson alitaka sheria ya kuwahamisha wenyeji wote wa kusini, yaani Wacherokee, Wacreek, Wachoctaw, Wachickasaw na Waseminole, wavuke mto Mississippi waende magharibi, ardhi yao ibaki kwa walowezi. Na nani walioitaka ardhi hiyo? Ni walewale masikini waliompigia Crockett kura. Wilaya nne za eneo lake zilipakana na nchi ya Wachickasaw. Wenzake wa Tennessee walimwambia waziwazi kwamba akiipinga sheria hii amejimaliza.

Aliipinga. Tarehe 26 Mei 1830 sheria ilipita kwa kura 102 dhidi ya 97, na kati ya wabunge wa Tennessee mwenye kukataa alikuwa Crockett peke yake. Jackson akatia sahihi siku mbili baadaye. Katika kitabu chake Crockett aliiita sheria ya dhuluma, akasema kura ile haitamwaibisha Siku ya Hukumu. Huyu ni mtu ambaye babu yake aliuawa na wenyeji, ambaye mwenyewe alisimama mbele ya nyumba inayowaka pale Tallushatchee. Mimi sidai kwamba aliwapenda. Nadhani aliona kwamba mtu anayekataa maskwota wa Kizungu watolewe kwa karatasi hawezi kukubali Mcherokee atolewe kwa sheria, na hakuweza kuliondoa wazo hilo kichwani. Mwaka uliofuata wapiga kura wakamwangusha.

Mzee wangu wa barazani atasema, "Si unaona? Walimfukuza, na haki yao." Ni kweli ilikuwa haki yao. Lakini mwaka 1838 wanajeshi waliwatoa Wacherokee majumbani mwao, na katika safari hiyo ya kuhamishwa, iliyoendelea mpaka 1839, wapatao 4,000 kati ya 16,000 walikufa kwa baridi, njaa na maradhi. Waliomfukuza Crockett walipata walichokitaka.

Na jambo hili halikuwa mbali na pwani yetu kama tunavyodhani. Ni Jackson huyohuyo aliyemtuma Edmund Roberts kufanya mkataba wa biashara na Seyyid Said, uliotiwa sahihi Muscat tarehe 21 Septemba 1833, ukazigusa na bandari zake za Unguja na mwambao. (Mombasa wakati huo ilikuwa bado mikononi mwa Mazrui, mpaka 1837.) Nchi walizotolewa Wacreek na Wachoctaw huko Alabama na Mississippi zikageuzwa mashamba makubwa ya pamba, yakilimwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Pamba ya kusini ikapelekwa viwandani Massachusetts, ikafumwa, ikapakiwa katika meli za Salem, na huku kwetu ikashushwa ikiwa majora ya merikani. Marehemu bibi yangu akisema "merikani" alikusudia nguo, nchi hakuijua. Wala hakuna aliyemweleza kwamba katika Bunge la nchi hiyo kulikuwa na mtu mmoja kutoka Tennessee aliyesema ardhi ile isichukuliwe.

Wala nisimpake mafuta mgongoni. Crockett huyohuyo alimiliki watumwa, na sijaona mahali alipoukemea utumwa kama alivyoikemea sheria ya 1830. Jicho lake liliona dhuluma ya ardhi, dhuluma ya shingo halikuiona.

Alirudi Bungeni mwaka 1833. Kufikia hapo watu walikuwa wamekwisha kumgeuza hekaya. Palikuwa na mchezo wa kuigiza juu ya mtu wa msituni mwenye kujigamba, uliojulikana na wote kuwa ni yeye. Ulipochezwa Washington naye alikwenda kuutazama. Mwigizaji James Hackett akatoka na mavazi yake ya ngozi, akamwinamia Crockett aliyeketi mbele. Crockett akasimama, naye akamwinamia. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Lakini mchoraji Chapman alipomchora mwaka 1834, kofia aliyoishika mkononi ilikuwa ya ukingo mpana, si ile ya mkia. Ile ya mkia, ya mnyama aitwaye rakuni ambaye kwa mbali ungemdhania fungo, iliuzwa kwa wingi ajabu watoto wa Marekani walipoonyeshwa Crockett wa Disney mwaka 1954 na 1955.

Mwaka 1835 akashindwa tena, safari hii na wakili mwenye mguu wa mti, Adam Huntsman. Crockett akawaambia wapiga kura waende motoni, yeye anakwenda Texas. Huko kulikuwa na walowezi wa Kimarekani walioasi serikali ya Mexico. Mexico ilikuwa imetangaza kufuta utumwa mwaka 1829 chini ya Rais Guerrero, ambaye mwenyewe alikuwa na damu ya Kiafrika, na walowezi wengi waliokwenda na watumwa wao hawakuipenda habari hiyo. Crockett hakwenda kwa ajili ya utumwa wala kwa ajili ya uhuru tunaoimbiwa. Barua aliyowaandikia wanawe Januari 1836 imejaa sifa za ardhi ya Texas, rutuba yake, maji yake na miti yake. Skwota alikuwa bado anatafuta shamba.

Wiki chache baadaye alikuwa San Antonio, ndani ya kuta za Alamo. Jeshi la Santa Anna liliizingira ngome kwa siku kumi na tatu, na alfajiri ya tarehe 6 Machi 1836 likaingia. Watetezi wote waliopigana, wapatao mia mbili kasoro, waliuawa. Sinema humwonyesha Crockett akipigana mpaka pumzi ya mwisho. Shajara ya José Enrique de la Peña, afisa wa Mexico aliyekuwapo, yasema alikamatwa hai pamoja na wachache, wakauawa kwa amri ya Santa Anna. Shajara hiyo ilipotolewa kwa Kiingereza mwaka 1975 iliwaudhi Wamarekani wengi, kana kwamba kuuawa hali umefungwa ni aibu ya mfungwa.

Mwanawe John Wesley alichaguliwa kushika kiti kilekile cha baba yake, na mwaka 1841 akapitisha sheria ya ardhi iliyokaribia sana na ile aliyoililia baba. Ama Elizabeth, yule mjane aliyefiwa na waume wawili vitani, Texas ilimpa kiwanja cha ardhi kwa ajili ya utumishi wa mumewe. Alihamia huko uzeeni pamoja na wanawe, wakajenga kibanda cha magogo. Akafa mwaka 1860 juu ya ardhi yenye hati.