"Jaribu Tena Baadaye" ni Dharau

Kuna sentensi mbili ambazo kijana wa Kenya amezizoea. Ya kwanza ni "tutakupigia," baada ya intavyuu. Ya pili ni "Kuna hitilafu. Jaribu tena baadaye." Maana yake ni moja: kuna kitu tunajua, na hatukuambii.

Leo niko na hiyo ya pili.

Programu ikikataa kufunguka, mara nyingi inajua imekwama wapi. Safari ya intaneti ina vituo. Kwanza simu ishike mnara au waifai. Pili, jina la tovuti ligeuzwe kuwa anwani ya namba. Tatu, hiyo anwani ifikiwe. Nne, seva ijibu. Hata seva ikikataa, inasema kwa nini: 503 ni kwamba haiwezi kukuhudumia kwa sasa, 429 ni kwamba umetuma maombi mengi mno. Programu inapokea habari yote hiyo, halafu inakuchorea uso wa huzuni.

Na wewe unafanya nini? Unazima data, unawasha. Unakopa kredo, unanunua bando jingine. Unampelekea fundi simu. Umelipia kurekebisha kitu ambacho hakijaharibika.

Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikalegea Kenya, Tanzania na Uganda. Siku kama hiyo, skrini inakuambia "angalia muunganisho wako." Niangalie nini bana, nipige mbizi?

Hiyo ni hasara ya pesa. Kuna hasara kubwa zaidi. Mwaka 2024, msimu wa KCSE, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza kampuni za simu zifunge Telegram saa za mtihani. Programu ikifungiwa hivyo unaona tu "inaunganisha..." Sasa nani ameshindwa hapo: simu yako, mnara, ama kuna mtu ametoa amri? Na lugha ya kusema ukweli ipo. Kuna namba 451, iliyochapishwa rasmi 2016 na kupewa jina kutokana na riwaya ya Ray Bradbury kuhusu uchomaji wa vitabu. Maana yake: huoni hiki kwa sababu za kisheria. Hata bila hiyo namba, programu inaweza kusema, "Intaneti yako iko sawa, lakini mtandao huu hautufikii." Mtu asiyejua amefungiwa hawezi hata kulalamika. Atalaumu simu yake.

Najua watengenezaji watasema nini: ukimwagia watu mistari arobaini ya kodi, watakimbia. Sawa. Na kuna mambo ambayo yafaa kufichwa kweli. Ukikosea nywila, programu isiseme "jina ni sahihi, nywila ndiyo mbaya," maana mwizi pia anasoma. Hapo nawapa.

Lakini kati ya mistari arobaini na uso wa huzuni kuna nafasi kubwa sana. Mafundi wenyewe wamejipangia. Zana yao ya ssh, ukiiongezea -v inakueleza kiasi, ukiweka -vvv inamwaga kila kitu. Wao wamejipa ngazi tatu, sisi wametupa sifuri.

Na inawezekana kabisa. Saa ya simu yako ikipotea, Chrome inaweza kukuambia wazi kwamba saa yako iko nyuma, urekebishe tarehe. Hapo hata nyanya yako anaelewa, na hahitaji fundi.

Kwa hivyo tunataka vitu viwili tu. Sentensi moja ya kawaida inayosema shida iko wapi: kwa simu yako, kwa mtandao, ama kwao. Chini yake, kitufe cha "maelezo zaidi" chenye namba ya kosa na saa lilipotokea. Asiyetaka asibonyeze. Anayetaka awe na kitu cha kuwatumia huduma kwa wateja, badala ya kuandika "haifanyi" na kujibiwa "pole sana, zima uwashe."

Mimi niliacha chuo, sina shahada ya kompyuta, na vituo vinne nimevielewa. Msituambie eti hatutaelewa. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa mficha maradhi ni wao, lakini bili tunalipa sisi.

Wasee, wiki hii ukikutana na hiyo sentensi, usinunue bando kwanza. Piga picha ya skrini, watumie, uwaulize: kosa namba ngapi?