Dhahabu ya Geita na Ardhi Iliyobaki

Ukitaja Geita mahali popote nchini, aghalabu anayekusikiliza hufikiri dhahabu, wala si ajabu, kwa kuwa mgodi mkubwa ulioanza kazi huko mwaka 2000 umelifanya jina la mji ule lijulikane hata katika masoko ya ng'ambo. Lakini jambo kubwa zaidi lililoifika Geita katika zama zetu, kwa rai yangu, limo katika hesabu ya watu wake. Sensa ya mwaka 2012, iliyofanyika miezi michache baada ya mkoa wa Geita kuundwa kwa kumega sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera, iliwakuta humo watu 1,739,530. Sensa ya mwaka 2022 ikawakuta 2,977,608. Katika muda ambao kila watu 100 wa Tanzania waliongezewa 37, kila watu 100 wa Geita waliongezewa 71. Shinyanga, iliyo jirani yake, ilitoka watu 1,534,808 ikafika 2,241,299, nayo si nyongeza haba.

Wengi husema kwamba dhahabu ndiyo iliyowavuta watu hao, na kauli hiyo ina ukweli, ila haujatimia. Madini peke yake hayaijazi nchi watu. Huko Marekani, katika jimbo la Texas, iko wilaya ya mashambani iitwayo Loving, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,750 na mafuta mengi chini ya ardhi yake, lakini sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo wakazi 64 tu. Geita haikuwa hivyo, kwa sababu anayehamia Geita hufuata mambo matatu kwa pamoja, yaani duara (shimo la wachimbaji wadogo), shamba na malisho, na mara nyingi mtu ni yule yule mmoja. Kijana hushuka duarani wakati wa kiangazi. Mvua zikianza kunyesha hupanda mahindi, au hutengeneza majaruba ya mpunga. Siku mwalo, mahali pa kuchenjulia dhahabu, ukimpa chochote hununua ng'ombe, na ng'ombe hutaka majani. Kwa njia hiyo fedha ya dhahabu, hata ikizunguka vipi, hurudi kuidai ardhi.

Tena uhamiaji wa Wasukuma wa Shinyanga kwenda magharibi, upande wa Geita, una umri mkubwa kuliko mgodi wa leo. Shinyanga ilikuwa na misitu, na ndani ya misitu hiyo alikuwamo mbung'o, adui wa ng'ombe. Katika zama za Waingereza watafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton waliweka makao yao Shinyanga, na wananchi kwa maelfu wakaitwa kufyeka pori ili mdudu yule akose kivuli. Mbung'o akarudi nyuma, mifugo ikazidi, kisha pamba ikaja kudai mashamba mapya, na ardhi ikaanza kuchoka. Ndipo serikali ya kikoloni, katika mpango wake wa Usukuma ulioanza mwaka 1947, ilipohimiza watu na mifugo wahamie Geita, ambako mvua ni nzuri zaidi, vilima vina miti, na ziwa liko karibu. Basi Geita ilikuwa nafasi ya akiba ya Usukuma, na watu waliiendea kama mtu anavyoliendea ghala lake la mwisho baada ya kulimaliza la kwanza.

Shinyanga waliyoiacha nyuma iliendelea kuvuliwa nguo. Mpango wa mwaka 1974 wa kuwakusanya watu vijijini uliwahamisha kutoka matongo yao, na malisho ya akiba ambayo kila mji ulikuwa umeyatunza yakakosa mwenyewe. Kufikia miaka ya 1980 vumbi la kiangazi lilikuwa limewatia hofu wakubwa na wadogo. Wanawake walikwenda mbali sana kutafuta kuni, wengine wakapikia samadi na mabua, ambavyo ilipasa virudi shambani. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, na hapa pana jambo ambalo kila mpenda nchi yampasa alitie moyoni. Mwanzo wataalamu walitilia mkazo vitalu na miche ya miti ya kigeni. Lakini kilichoiponya ardhi hasa kilikuwa desturi ya Wasukuma wenyewe, nayo ni ngitili.

Ngitili ni kipande cha ardhi kinachofungwa mvua zinapoanza, asiingie ng'ombe wala shoka, hata majani yakue, yakomae na kukauka yakiwa yamesimama. Kiangazi kikikaza, malisho mengine yote yakiwa yamekwisha, hufunguliwa kidogo kidogo, wakitangulizwa maksai wa kulima, ndama na ng'ombe wa maziwa. Ziko ngitili za aila moja, nyingine hazizidi ekari chache, na ziko za kijiji kizima au za shule. Visiki vilivyodhaniwa kuwa vimekufa huchipua humo vyenyewe, kwa kuwa mizizi ilikuwa hai chini. Na miti ikirudi hufuatwa na kuni, dawa za mizizi, asali, na nyasi za kuezekea. Mlinzi wake ni sheria ya wenyeji: anayeingiza mifugo kabla ya wakati hushitakiwa mbele ya dagashida, baraza la watu wote, naye hutozwa faini mbele ya jirani zake. Kwa njia hiyo, mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao ulikuwa haujamegwa, ulirudisha zaidi ya hekta 300,000 za ngitili kwa muda usiofika miaka 20.

Sasa na tuitazame Geita. Mkoa huu wenye takriban kilomita za mraba 20,000 una watu karibu 150 katika kila kilomita moja, ilhali Shinyanga ina watu karibu 120. Ghala la akiba limejaa watu kuliko mahali walikotoka. Nenda Rwamgasa au Nyarugusu utazame duara moja tu: kutoka mdomoni hadi chini limeshikiliwa na matimba, magogo yaliyopangwa ili kuta zisiwaangukie wachimbaji, na yakianza kuoza sharti yabadilishwe. Duara likiachwa, magogo hubaki mle mle shimoni, na duara jipya hudai mengine. Ongeza juu yake mkaa wa kuipikia miji inayokua, ongeza na mashamba yanayopanda vilima, nawe utaona kwamba Geita inafanya kwa haraka yale ambayo Shinyanga iliyafanya kwa miaka mingi.

Ataniuliza mtu, na swali lake ni la haki, vipi maskini aambiwe aache ekari mbili bila kulisha wala kulima. Jibu langu ni kwamba Wasukuma wa Shinyanga hawakuwa matajiri walipofunga ngitili zao. Walizifunga kwa sababu ya dhiki, na wangepata nafuu kubwa kama wangeanza kabla dhiki haijawafika. Geita ingali na nafasi hiyo ya kuanza mapema, ila inapungua kila msimu.

Wala mgodi si wa kutegemewa aushi. Mgodi wa kwanza wa Geita ulifanya kazi kuanzia mwaka 1936 hadi mwaka 1966, ukafungwa. Na Buzwagi, kule Kahama, uliofunguliwa mwaka 2009, ulisimamisha uchimbaji mwaka 2021. Leo halmashauri hupokea kutoka migodini ushuru wa huduma unaotokana na mauzo, pamoja na fedha za miradi ya jamii, nazo zimejenga madarasa na zahanati, jambo la kushukuriwa. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huviwezesha vijiji kupanga ardhi yao na kutenga sehemu ya watu wote, ila upimaji wa ardhi hiyo hukwama kwa kukosa fedha ambayo, kwa kulinganisha, ni kidogo. Nawaomba basi madiwani wa Geita, Bukombe, Mbogwe, Chato na Nyang'hwale watenge fungu la dhahabu hiyo kwa kazi hii moja, ili kila kijiji kiwe na ngitili yenye mipaka iliyopimwa na dagashida ya kuilinda, kabla ya sensa ya mwaka 2032 kuja kuwahesabu watu wengine wanaohitaji ardhi.