Tupa Ikae Kwanza: Moteri Yetu Inavuja Hewa



Kila mtu hapa shuleni amesikia namna pikipiki ya shule, ile Yamaha AG 100 iliyonunuliwa ikiwa imekwisha tumika, ilivyofunga moteri kwenye mteremko siku kumi tu kisha matengenezo yetu. Mwalimu alikuwa anakwenda kutafuta dawa za infirmeri. Aliisukuma kwa miguu, akafika usiku. Tangu siku ile watu wanasema esanse ilikuwa mbaya. Sisi wa kikundi cha mekanike tulinyamaza tu. Leo tunasema: esanse haikuwa na kosa.

Sasa moteri iko wazi juu ya meza, na wandugu wengine wanasema tupanue matundu ya silindiri kwa tupa, tutoboe na eshapma, ipate mbio kupita za motari. Sisi tunakataa.

Pikipiki za motari, zile Boxer na TVS, ni za mipigo minne. Ya kwetu ni ya mipigo miwili, na karteri yake njo pompi. Pistoni ikipanda, inavuta hewa na esanse ndani ya karteri. Ikishuka, inavisukuma juu kwa njia ya matundu. Karteri ikiwa na mahali pa kuvuja, hewa ya bure inaingia, esanse inakuwa kidogo, joto linapanda. Pistoni ni ya aluminiumu, inavimba kupita silindiri ya chuma, basi inashika.

Alama tuliziona. Buji ilitoka nyeupe, na ilipaswa kuwa na rangi ya kahawa yenye maziwa. Ukiachilia gazi, moteri ilikawia kushuka. Tena zile spi mbili za vilebrekeni, mpira wake ulikuwa mgumu kama kucha. Tulizirudisha hivyo hivyo, kwani feza ilikuwa imekwisha kwa pistoni na segma, na tuliona haya kuomba ingine. Tunaomba masamaha kwa mwalimu, na kwa wazazi waliotoa feza ile.

Kuna jambo lingine linalotushangaza hata sisi. Mwenye pikipiki wa kwanza alitoa pompi ya oili, kwa hiyo oili tunaichanganya ndani ya esanse. Tulipoogopa joto, tukaongeza: badala ya desilita 2 kwa litre 5, tukatia desilita 3. Tulizani tunalinda moteri. Lakini jikleri ni tundu moja tu: oili ikizidi, esanse inayopita pale inapunguka. Tuliongeza joto kwa mikono yetu wenyewe!

Na jikleri yenyewe tuliichagua hapa juu, penye hewa nyepesi, ambapo ndogo inatosha. Mtu akishuka na jikleri hiyo, kwa mfano toka Bukavu, karibu metre 1.500, mpaka Uvira kando ya Tanganyika, metre 770 hivi, hewa inakuwa nzito na esanse haitoshi tena. Mwalimu naye alikuwa anashuka.

Kuhusu eshapma: haikuwekwa kwa kupunguza kelele tu. Umbo lake linasaidia kurudisha esanse mpya isitoke pamoja na moshi. Ukiitoboa unapata makelele mingi na nguvu kidogo. Nalo tundu la moshi, ukilipandisha kwa tupa, nguvu inakimbilia mizunguko ya juu na huku chini inabaki zaifu. Pikipiki hii inabeba mifuko ya unga kwa gia ya kwanza ndani ya matope. Na chuma kilichokatwa hakirudi.

Tunaomba feza ya pyesi iliyobaki inunue spi mbili na jointi za karteri mbele ya kitu kingine chochote. Kisha tuzibe mlango wa karbiratere na wa eshapma kwa vipande vya mpira wa ndani, tupompe hewa kwa mashine ya infirmeri ya kupima tansio, mpaka milimetre 300. Sindano ikikaa dakika tano bila kushuka, karteri iko nzima. Ikishuka, tutapaka maji ya sabuni na kutafuta povu. Muuguzi amekubali kutuazima mashine, kwa shariti tunawe mikono.

Tutapima siku ya Alhamisi kisha masomo, ndani ya atelye. Wale wa tupa waje, na mmoja wao alete saa.