Tope na Saa ya Mkononi

Mvua zikikolea Umatengo, kusini mwa Tanzania, wakimbiaji wa jioni hupungua kwenye lami ya Mbinga kwenda Mbamba Bay, na katika vijia vya udongo mwekundu vinavyokatiza mashamba ya kahawa huwaoni kabisa. Sababu yao inaeleweka: tope hunata kwenye soli mpaka mguu hauinuki, mteremko wa kuelekea Ziwa Nyasa hauna pa kushika, na saa ya mkononi inatoa muda wa aibu. Lakini muda huo unapima nini hasa? John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaumia goti, akamaliza wa 57, wa mwisho, kwa saa 3 na dakika 25, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Wenzake 18 hawakumaliza, na leo wachache wanakumbuka majina yao. Mtu atasema Akhwari alikuwa mwanariadha wa taifa, sisi tunapunguza kitambi tu. Vema, basi asiyegombea medali ana hasara gani akichelewa? Kuhusu hatari, radi ni radi, ikipiga ingia ndani. Utelezi ni jambo jingine: wanawake wanaotoka kwenye ngoro, mashamba ya mashimo ya Wamatengo, na mizigo kichwani hushuka katika vijia hivyo hivyo, kwa hatua fupi, bila haraka. Tope halijali bei ya kiatu. Anayekimbia kiangazi tu anafanya mazoezi ya kupigwa picha, na lami inamtosha.