Uokoaji majini: Funzo la mbio za boti kwa maziwa ya Tanzania

Na Mwandishi Wetu, Akheri

Katika mashindano ya kimataifa ya boti za mwendo kasi, mbio hazianzi mpaka waokoaji wawe wamekwisha kushika nafasi zao majini. Wazamiaji huwa wamevaa mavazi yao, boti za uokoaji huwa zimewashwa injini, na wahudumu wa afya huwa wanasubiri ufukweni. Iwapo waokoaji hao wataitwa kwenye ajali na nafasi zao kubaki wazi, mbio husimamishwa hadi warejee. Utaratibu huo umetokana na vifo vya miaka mingi, na ndiyo maana unastahili kutazamwa na nchi yenye maziwa na bahari kama Tanzania, hata kama mchezo wenyewe haujazoeleka hapa.

Yaliyozoeleka nchini ni mashindano ya ngalawa huko Zanzibar, mbio za mitumbwi ya makasia katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na utalii wa mitumbwi katika maziwa madogo. Mojawapo ya maziwa hayo ni Duluti, ziwa la kasoko lililomo ndani ya msitu wa hifadhi upande wa Tengeru, jirani na Kata ya Akheri katika Halmashauri ya Wilaya ya Meru. Mtumbwi wa mgeni anayetazama ndege Duluti hauendi kasi wala haushindani na yeyote. Hata hivyo, ukipinduka, swali linaloulizwa ni lile lile linaloulizwa kwenye mbio za kilomita 200 kwa saa: nani atamfikia aliyemo majini, na katika dakika ya ngapi?

Dakika ndiyo kipimo cha jambo hili. Ubongo wa binadamu ukikosa hewa kwa dakika nne hadi sita huanza kupata madhara yasiyorekebishika. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani kote mwaka 2021, na Umoja wa Mataifa, kwa azimio la mwaka huo huo, umeitenga tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa Siku ya Kuzuia Vifo vya Kuzama Majini. Wengi wa wanaopotea hawapotei katika ajali kubwa za meli zinazotangazwa. Hupotea mmoja mmoja, karibu na nchi kavu, mbele ya watu wanaotaka kusaidia lakini hawajui waanzie wapi.

Kwa nini basi kutazama mbio za boti? Kwa sababu ni mahali pachache ambapo ajali ya majini hutarajiwa, hupangiwa na kuchunguzwa kila inapotokea. Boti za daraja la juu za mchezo huo hazina breki, na zikiwa kasini hugusa maji kwa sehemu ndogo tu ya umbo lake. Upepo ukiingia chini ya pua, boti huinuka na kupinduka kinyumenyume. Kwa kasi hiyo maji hayapokei mwili kama maji. Huupiga kama sakafu. Agosti 1987, Didier Pironi, Mfaransa aliyepata kuwa dereva wa magari ya Fomula 1, alifariki pamoja na wenzake wawili karibu na kisiwa cha Wight nchini Uingereza baada ya boti yao kupiga wimbi lililoachwa na meli ya mafuta. Oktoba 1990, Stefano Casiraghi aliyekuwa akitetea ubingwa wa dunia alifariki karibu na Monaco boti yake ilipopinduka.

Mabadiliko yalikwisha kuanza katika baadhi ya madaraja ya mchezo. Katikati ya miaka ya 1980 mbunifu Mwingereza, Chris Hodges, alibuni chumba kigumu cha kumkinga dereva, kilichotengenezwa ili kibaki kizima hata boti nyingine yote ikivunjika vipande. Dereva akafungwa mikanda ndani yake badala ya kuachwa arushwe nje. Vifo vya kugongwa na maji vikapungua, lakini tatizo jipya likazaliwa: dereva aliyenusurika kishindo alijikuta kichwa chini miguu juu, amefungwa, katika giza la maji.

Hapo ndipo mchezo ulipofanya jambo ambalo sekta nyingi huchelewa kulifanya. Haukuridhika na chombo imara. Dereva akawekewa hewa ya akiba ndani ya chumba, ukaongezwa mfuko wa hewa unaofumuka ili chumba kisizame chote, na madereva wakatakiwa kufanya mtihani wa kupinduliwa majini wakiwa wamefungwa mikanda, wajifungue na kutoka kwa utulivu. Asiyefaulu hashindani. Kisha wakawekwa wazamiaji ambao kazi yao si kumvuta mtu nje kwa haraka, bali kwanza kuhakikisha anapumua, kuikinga shingo yake, na ndipo wamtoe. Vifaa vilivyomo ndani ya boti hununua muda tu, na muda huo hauna thamani endapo hakuna mtu aliye karibu anayejua kuutumia.

Tanzania inalijua hilo kwa uchungu. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza ikiwa na mamia ya watu. Meli haikuzama mara moja. Ilielea ikiwa imepinduka, ikishikiliwa na hewa iliyobaki ndani, na waliokuwa nje walisikia kuwa ndani bado kuna watu hai. Simulizi inayorudiwa zaidi kuhusu saa zile ni ya tundu lililotobolewa katika bodi ya meli kwa nia njema ya kuwatoa waliokwama. Hewa ikatoka, na meli ikazama. Wale waliotoboa hawakuwa wazembe. Walikuwa watu waliosikia wenzao wakigonga chuma, na hakuna aliyekuwa amewafundisha kuwa hewa ile ndiyo iliyokuwa ikivishikilia vyote viwili, meli na uhai wa waliomo.

Miaka 22 baadaye, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara, Wilaya ya Ukerewe. Kiliidhinishwa kubeba watu 101. Waliofariki pekee walizidi 220. Siku mbili baada ya ajali, wazamiaji walimtoa fundi wa mitambo akiwa hai katika chumba kilichobakiwa na hewa. Tukio hilo linapaswa kuwa sehemu ya mafunzo ya kila mwokoaji nchini, kwa kuwa linathibitisha kwamba chombo kilichopinduka hakihesabiwi kuwa kaburi hadi kikaguliwe chumba kwa chumba.

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria, umbali mfupi kutoka Uwanja wa Ndege wa Bukoba. Watu 24 waliokolewa na 19 walifariki. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alipongezwa kitaifa, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akatangaza katika uwanja wa Kaitaba maelekezo ya Rais Samia Suluhu Hassan kwamba kijana huyo aajiriwe na kupatiwa mafunzo katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko zawadi. Ulikiri kwamba mwokoaji wa kwanza katika maji ya Tanzania ni mwananchi aliye karibu, na kwamba njia ya kumheshimu ni kumpa ujuzi. Hata hivyo, wavuvi wa Bukoba walikuwapo pale kwa sababu ni mahali pao pa kazi. Hawakuwa wamepangwa. Ajali ile ingetokea mbali na mwalo wao, hesabu ya walionusurika ingeweza kuwa nyingine.

Tangu wakati huo Serikali imeendelea kujenga upande wa taasisi. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), ambalo pamoja na majukumu mengine husimamia usalama wa vyombo vya majini, linahusika na kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji kilichojengwa Ilemela, Mwanza, chini ya mradi wa mawasiliano na usafiri wa Ziwa Victoria unaotekelezwa kwa ushirikiano wa kikanda. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake makuu jijini Arusha, inalitambua ziwa hilo kuwa njia ya pamoja ya usafiri, na kwa aliyezama hakuna mpaka wa nchi majini. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi. Wakati huo huo meli ya MV Mwanza imejengwa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, jambo linaloinua kiwango cha uokoaji kinachotakiwa kuwepo.

Kituo cha kuratibu ni hatua kubwa, lakini kisitarajiwe kufanya kazi ambayo si yake. Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na karibu nusu yake ni ya Tanzania. Hakuna boti ya Serikali, hata iwe na kasi gani, itakayotoka Mwanza na kufika kila mwalo ndani ya dakika nne. Kazi ya kituo ni kupokea taarifa, kutuma nguvu kubwa na kuunganisha polisi wanamaji, zimamoto, hospitali na vyombo vilivyo karibu. Dakika za mwanzo zitabaki mikononi mwa mvuvi, mwendesha mtumbwi na muongoza watalii. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, tayari vipo katika mialo na vina viongozi wanaofahamika. Kuvipa mafunzo ya kumpulizia hewa aliyezama, kutotoboa chombo kilichopinduka na kuita msaada kwa mpangilio ni njia nafuu kuliko kuanzisha kikosi kipya kila mwalo.

Upande wa mashindano, somo ni la moja kwa moja zaidi. Mbio za ngalawa au mitumbwi huvuta umati, na mara nyingi mazungumzo ya maandalizi hutawaliwa na zawadi, jukwaa na wageni waalikwa. Halmashauri inayotoa kibali ina nafasi ya kuuliza kwanza boti ya uokoaji itasimama wapi, nani atakuwa ndani yake, na nani ana mamlaka ya kusimamisha mbio upepo ukibadilika. Swali la mwisho ndilo gumu. Kusimamisha shindano mbele ya umati na wafadhili kunahitaji mtu aliyepewa mamlaka hayo kwa maandishi kabla ya siku yenyewe, vinginevyo atashauriwa asubiri kidogo.

Huko Akheri na Tengeru suala hili huweza kuonekana la mbali, kwa kuwa Mkoa wa Arusha hujulikana kwa mlima na mbuga kuliko maji. Ukweli ni kwamba umbali wa maji makubwa ndio unaowafanya wengi wasijue kuogelea wala kuzoea jaketi okozi, na mgeni anayefika Duluti kutoka mjini huenda anapanda mtumbwi kwa mara ya kwanza maishani. Barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru, yenye kilomita 14.1, imefupisha safari ya kutoka mjini, lakini gari la uokoaji linalotoka Arusha Mjini, hata likikuta barabara nyeupe, haliwezi kushindana na dakika nne. Baada ya barabara kuu kuna njia ya kuingia msituni, kisha kuna maji yenyewe.

Kwa hiyo usalama wa Duluti unaamuliwa na mambo yaliyopo ufukweni kabla gari halijaitwa: jaketi okozi linalomtosha aliyelivaa na lililofungwa vifundo vyote, mtoto asiyevalishwa la mtu mzima, mtumbwi wa akiba usiokodishwa hata siku ya wageni wengi, kamba ndefu yenye boya, na muongozaji aliyefunzwa huduma ya kwanza. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 imelipa jeshi hilo jukumu la uokoaji pamoja na kutoa elimu kwa umma, hivyo kuliomba liwafunze waongozaji wa mitumbwi, walimu na vijana wa vijiji vinavyozunguka ziwa ni kutumia huduma iliyokwisha kuwekwa kisheria. Namba ya dharura ya jeshi hilo ni 114 na hupigwa bila malipo. Anayepiga anatakiwa kutaja jina la ziwa au mwalo, njia ya kufikia maji, idadi ya waliomo na kama chombo bado kinaelea, kisha asikate simu hadi aelekezwe, wakati mwenzake akiendelea kumpulizia hewa aliyetolewa majini.